Kisanduku Kina Mwenyewe

Mteja alitaka chakula cha kuku cha shilingi elfu mbili. Risiti ikatoka 2,002.

Hilo ni duka la pembejeo hapa Moshi, hatua chache kutoka soko la Mbuyuni, na programu iliyotoa risiti hiyo niliiandika mimi. Dada wa kaunta aliisoma, akamwangalia mteja, wote wakacheka. Shilingi mbili nani anayo? Akapokea noti yake, akampa mfuko wake, kisha akanipigia: “Fundi, mashine yako inadai chenji ya enzi za Mwalimu.”

Jioni nikaifungua programu ileile nyumbani, kwenye Mac yangu. Nikaandika 2000, nikabonyeza Enta. Elfu mbili. Nikarudia, elfu mbili. Nikarudia mpaka chai ikapoa. Kesho yake asubuhi nikaenda dukani, nikakaa kwenye kiti cha dada, nikaandika 2000 kwenye kompyuta yao ya Windows: 2,002. Programu moja, hesabu moja, majibu mawili.

Kisa chenyewe ni hiki. Bei ilikuwa shilingi 1,300 kwa kilo. Kwenye skrini kuna visanduku viwili vya kuandikia, kimoja cha kilo na kingine cha shilingi, kwa sababu wateja wetu hununua kwa namna mbili: yupo anayesema “nipimie kilo tatu” na yupo anayesema “nipe ya elfu mbili”. Kisanduku cha kilo kimeungwa na mizani, kwa hiyo nilikiagiza kisikilize kila badiliko: uzito ukibadilika, shilingi zipigwe upya. Kile cha shilingi nilikiagiza kisubiri Enta, kisha kijaze kilo. Sasa, elfu mbili ukigawa kwa 1,300 unapata 1.538 na ushee. Programu ikakadiria 1.54, ikaiandika kwenye kisanduku cha kilo, na hapo ndipo njia zilipoachana. Kwenye Windows, kisanduku cha mstari mmoja kikijazwa na programu yenyewe hupiga kelele “nimebadilika!” sawasawa na kinavyofanya kikijazwa kwa vidole. Kisanduku cha kilo kikapiga kelele, shilingi zikapigwa upya, 1.54 mara 1,300, na ile 2,000 ya dada ikafutwa ikawekwa 2,002. Kwenye Mac kisanduku hukaa kimya programu inapokijaza. Huongea pale tu mtu anapoandika.

Hesabu haikuwa na kosa. Kosa langu lilikuwa kudhani visanduku vile ni vyangu.

Nimeanza na shilingi mbili kwa sababu mabishano ya mafundi programu wa huku kwetu, Moshi na Arusha, juu ya vidhibiti asilia karibu yote yanahusu sura. Kidhibiti ni kile kitu cha kwenye dirisha ambacho mtumiaji anakigusa: kitufe, kisanduku cha kuandikia, orodha kunjuzi, kisanduku cha tiki. Kikiwa asilia, maana yake kimetengenezwa na mfumo endeshi wenyewe, yaani Windows, Mac au Linux, na programu yako imekiazima. Njia ya pili ni kukichora: unachukua mstatili mtupu, unaupaka rangi, unaandika neno katikati, unavizia kipanya kikibonyeza, unasema hicho ni kitufe. Mtu anayetengeneza maktaba ya madirisha, yaani msimbo wa kuundia madirisha ambao programu nyingine huutumia, itakayofanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux kwa pamoja lazima achague mojawapo, au achanganye. Na mabishano yetu huishia kwenye kipi kinapendeza, kipi kimezeeka, kipi kinafanana na programu za simu.

Sura ndiyo rahisi kuliko yote. Rangi unaiga, kona za duara unaiga, kivuli unaiga. Tabia ndiyo inayokugharimu.

Programu ya kwanza niliyoipeleka pale dukani nilikuwa nimechora kila kitu mwenyewe. Ilipendeza, niliipiga picha nikaiweka stetasi. Lakini dada alikuwa ametumia programu ya zamani kwa miaka, ile ya kijivu, na mikono yake ilikuwa inajua njia. Tab, Tab. Alt na mshale wa chini, orodha inafunguka. Anaandika “mb” harakaharaka, orodha inarukia mbolea. Enta, namba, Enta. Macho yake hayakuwa kwenye skrini kabisa; yalikuwa kwa mteja, na kwa kijana anayefunga mifuko kwenye bodaboda nje. Kwenye orodha yangu nzuri, Alt na mshale haikufanya lolote. Herufi “m” ilirukia bidhaa ya kwanza ya M, kisha “b” ikamtupa kwenye bidhaa ya kwanza ya B. Alivumilia siku tatu. Siku ya nne nilimkuta na daftari. “Kaka, ile ya zamani ilikuwa inanisikia,” alisema, bila kuinua kichwa.

Sijawahi kupewa tathmini ya kitaalamu iliyo sahihi kama hiyo. Orodha kunjuzi ya Windows hukusanya herufi zinazoandikwa kwa kufuatana haraka na kuzichukulia kuwa neno moja. Ukitulia kidogo, inaanza upya. Nani alijua? Dada alijua, na hakujua kwamba anajua. Kisanduku cha kuandikia nacho kimebeba mambo chungu nzima ambayo hakuna mteja aliyewahi kuyaandika kwenye mkataba: bonyeza mara mbili neno linachaguliwa, Ctrl na mshale inaruka neno zima, Shift na End inachagua mpaka mwisho, Ctrl na Z inarudisha ulichofuta, kubonyeza upande wa kulia kunaleta menyu ya nakili na bandika. Ukichora, yote hayo ni deni lako. Utalilipa moja moja, kila simu ya malalamiko ikiingia.

Wakubwa wa kazi hii walipita njia zote mbili na kuumia kote. Lugha ya programu ya Java ilipotoka mwaka 1996, maktaba yake ya madirisha, AWT, iliazima: kila kitufe cha Java kilikuwa na pacha wake upande wa mfumo endeshi. Ili programu ifanane kila mahali, AWT ikabaki na vile vidhibiti vichache vilivyopatikana kila mahali. Jedwali halimo, mti wa mafolda haumo. Toleo la 1.2 la mwaka 1998 likaja na Swing, inayochora karibu kila kitu yenyewe. Vituko vya kutofautiana vikapungua, malalamiko ya sura ngeni na uzito yakaanza. IBM walipokuwa wanajenga Eclipse, programu ya kuandikia msimbo, wakarudi kuazima, wakatengeneza SWT. Lugha moja, mduara mzima, na miaka kumi haikuwa imefika. Nje ya Java, maktaba ya Qt ya Wanorwei iliyotoka 1995 ilichagua kuchora na kuiga, na inaiga vizuri. wxWidgets, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1992, ilichagua kuazima na inaazima mpaka leo. (Iliitwa wxWindows hadi 2004, Microsoft walipotaka jina libadilishwe. Kumbe hata neno “madirisha” lina mwenyewe.)

Baada ya aibu ya daftari mimi nilijitosa upande wa pili, na kwa kiburi. Maktaba zilizopo niliziona nzito mno kwa kompyuta za kaunta za hapa, ambazo nyingi ni used zenye kumbukumbu ya gigabaiti 4. Nikaamua kuandika safu yangu mwenyewe, nyembamba, kwa lugha ya C: amri moja ya kutengeneza kitufe, ndani yake njia tatu za mifumo mitatu. Nilijipa mwezi mmoja. Mwezi wa nne nilikuwa bado nahangaika na kitufe, orodha na kisanduku cha kuandikia.

Windows kwanza, maana ndiko wateja waliko. Pale karibu kila kitu ni dirisha. Kitufe ni dirisha, lebo ni dirisha, kisanduku ni dirisha. Unaita CreateWindowEx, unataja aina, BUTTON au EDIT, unamtaja mzazi, unapewa namba ya utambulisho, basi. Tangu hapo kitu hicho kinaishi upande wa mfumo. Wewe umebaki na namba. Mtumiaji akikibonyeza kitufe, taarifa haiji kwa kitufe. Inapelekwa kwa mzazi, kwa ujumbe uitwao WM_COMMAND. Ni kama mtaani kwetu: mtoto akivunja kioo cha jirani, anayegongewa mlango ni mama yake. Lakini mwandishi wa programu anataka kusema “kitufe hiki kikibonyezwa, fanya hivi”. Habari za mzazi hazitaki. Kwa hiyo maktaba inakaa katikati, inaupokea ujumbe kwa mzazi, inasoma namba, inamtafuta mtoto mwenyewe na kumkabidhi kesi yake. Maktaba zilizokomaa za Windows zote zina mtambo wa namna hiyo, na ukiuona ndani unaelewa kwa nini watu walichoka.

Tab nayo haihami yenyewe. Lazima kila ujumbe upitishwe kwanza kwenye IsDialogMessage, au uiandike mwenyewe hiyo kazi ya kutafuta kidhibiti kinachofuata. Halafu kuna kituko kinachomkuta kila mgeni: vitufe vinajitokeza na sura ya Windows 95, kwa sababu tangu Windows XP ya mwaka 2001 sura mpya hupewa programu iliyoambatanisha kijifaili cha manifesti kinachoomba toleo la 6 la vidhibiti. Hakuna anayekuambia umekosea. Programu inakwenda vizuri tu, ila imevaa suti ya babu.

Mac ni nyumba nyingine kabisa. Huko kitufe si dirisha. Ni eneo ndani ya dirisha, na kikibonyezwa kinamwendea moja kwa moja yule uliyemtaja na kumwambia lile ulilolitaja. Kusema kweli ni safi zaidi. Ila vipimo vya wima vinaanzia chini kwenda juu, kwa hiyo fomu yangu ya kwanza ilitokea imepinduka, jumla juu na jina la mteja chini, kama risiti iliyoshikwa kichwa chini miguu juu. Na vitu vya skrini huguswa kutoka uzi mkuu wa programu tu (uzi ni mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu). Mizani niliyokuwa naiigiza kwenye uzi mwingine ilikuwa ikithubutu kuandika kwenye kisanduku, programu inaanguka. Mbaya zaidi ni siku ambazo haikuanguka.

Linux ina maktaba ya GTK, na GTK haipendi kuambiwa kitu kikae wapi. Wewe sema nani yuko ndani ya nani; kupanga itapanga yenyewe. Maktaba yenye utaratibu wake wa kupanga inageuka kuwa mwali aliyeletwa kwenye jiko la mama mkwe. Na hapo hujauliza bado asilia ya Linux ni ipi, maana anayetumia KDE, mojawapo ya sura za Linux, anaona Qt ndiyo ya nyumbani na GTK ndiyo mgeni. Mimi upande huu sikuumaliza. Wateja wangu wa Linux ni wawili, na mmoja wao ni mimi.

Mambo hayo yanachosha lakini yanasomeka. Ukisoma hati, ukijaribu, ukilala, ukirudi, unayatatua. Lililonishinda ni lile la shilingi mbili, kwa sababu halionekani. Ukichora kisanduku mwenyewe, maandishi yaliyomo yako sehemu moja tu, kwenye kumbukumbu ya programu yako. Ukiazima, kuna nakala mbili: yako, na ile iliyo ndani ya kidhibiti kinachoishi upande wa mfumo. Kila mfumo una maoni yake kuhusu lini ukutangazie kwamba nakala yake imebadilika. Kitu kinachotofautisha maktaba nzuri na safu kama ile yangu ni kwamba maktaba nzuri imeshaamua, kwa niaba yako na kwa mifumo yote mitatu, swali moja dogo: aliyeandika humu ni mtu au ni programu?

wxWidgets wana amri mbili kwa jambo hilo. SetValue huandika na kutangaza. ChangeValue huandika kimya. Miaka ya nyuma nilipoziona niliguna, nikaona ni ubadhirifu wa majina. Sasa nazitazama kama kovu kwenye mkono wa mpishi. Na usidhani Windows yenyewe ina msimamo. Kisanduku cha mstari mmoja kikijazwa na programu kinapiga kelele, kama tulivyoona; kile cha mistari mingi kikijazwa kwa njia hiyohiyo kinanyamaza. Hati za Microsoft zimelisema hilo waziwazi, kwenye aya ambayo huisomi mpaka umeshaungua.

Nikaitupa safu yangu. Programu ya dukani sasa inakwenda kwa wxWidgets, na ile hofu yangu ya uzito ilikuwa ya bure; kompyuta ya dada inaifungua kabla hajamaliza kuvuta kiti.

Jambo ninaloona linatuhusu sisi zaidi kuliko wanaoandikia Kiingereza ni lugha. Programu zangu zote ni za Kiswahili, tangu menyu hadi risiti. Lakini kisanduku cha ujumbe cha Windows, kile cha MessageBox, ukikiomba vitufe vya ndiyo na hapana, maneno yake kinayachukua kwenye lugha ya Windows iliyosakinishwa, si kwako. Microsoft walishatoa pakiti za Kiswahili, ila mimi sijaikuta kaunta yoyote iliyoiweka. Kwa hiyo swali linaulizwa kwa Kiswahili na vitufe vinajibu Yes na No, na mtu wa kaunta anatafsiri kichwani, foleni ikimsubiri.

Kibaya zaidi ni kwamba “ndiyo” yetu na Yes yao hazifanyi kazi moja. Ukimuuliza mtu “hujala?”, na kweli hajala, atakujibu “ndiyo, sijala”. Anakubaliana na kauli yako. Kiingereza humjibu No. Karani wa chama cha msingi cha kahawa, upande wa Kibosho, alikuwa anafunga programu niliyomwandikia, na programu ikamuuliza swali nililolitunga mimi, mwenye Kiswahili changu tangu tumboni, lakini kichwa kimeshalowa hati za Kiingereza: “Hutaki kuhifadhi mabadiliko?” Yeye alitaka kuhifadhi. Akajibu kama Mswahili yeyote: hapana, si kweli kwamba sitaki. Akabonyeza No. Kwa msimbo wangu, No maana yake ni tupa. Uzito wa kahawa ya asubuhi nzima ukaenda, wakulima wameshaondoka, na karani akabaki na vikaratasi vya mizani ambavyo kwa bahati alikuwa bado hajavichana.

Dawa ya hilo ni vitenzi kwenye vitufe: Hifadhi, Usihifadhi, Rudi. Apple wamekuwa wakilishauri hilo kwa miaka mingi. Windows tangu Vista ina aina nyingine ya kisanduku cha ujumbe, TaskDialog, inayokubali maneno yako mwenyewe, na wxWidgets hukitumia hicho kimyakimya na kukuruhusu ubadilishe maneno. Hata mpangilio wa vitufe ina akili ya kuutunza, maana Windows huweka kitufe cha kukubali kabla ya kile cha kughairi na Mac hukiweka mwisho kabisa kulia. Kidhibiti kimebaki cha mwenye nyumba, maneno ni ya kwangu. Hili la kugawana ndilo ninalotaka mafundi wenzangu walizoee, badala ya kushindana kama Simba na Yanga, huyu wa kuazima kila kitu na yule wa kuchora kila kitu.

Nitalitaja kwa ufupi suala la wasioona, si kwa udogo wake, ila kwa sababu halina mjadala. NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini iliyoanza Australia mwaka 2006, husoma kidhibiti asilia bila wewe kuandika mstari hata mmoja: hiki ni kitufe, kinaitwa Hifadhi, kimezimwa. Sauti ya eSpeak NG inayokuja nayo inajua Kiswahili, japo kwa lafudhi ya roboti aliyesomea mbali. Kwenye kitu ulichokichora mwenyewe haioni chochote mpaka ukitengenezee maelezo upya kwa kila mfumo. Qt wamefanya kazi hiyo, vivinjari vimeifanya, na imewachukua miaka. Wewe na mimi tukisema tutaifanya “toleo lijalo” tunajua tunachosema.

Sasa upande wa pili, maana kupanga kwenye nyumba ya mtu kuna adha zake. Mwenye nyumba anaweza kukuhamisha. Apple walikuwa na vidhibiti vya Carbon. Mwaka 2012 wakatangaza kuvistaafisha, na toleo la Mac liitwalo Catalina la 2019 lilipokata programu zote za biti 32, Carbon ikaondoka nazo. Waliokuwa wamejenga juu yake walishahamia Cocoa, vidhibiti vingine vya Apple, kwa jasho, na ambao hawakuhama walifungiwa nje. Au mwenye nyumba anapaka rangi vyumba vyake tu: Windows 10 ilipata hali ya giza, kivinjari cha mafaili kikapendeza mwaka 2018, lakini vidhibiti vya kale vya Win32 havikupewa njia rasmi ya kuingia gizani. Wenye maktaba wakalazimika kupitia mlango wa nyuma. Anayechora mwenyewe hapo anacheka, na ana haki.

Electron pia siwezi kuibeza kirahisi. Ilitoka GitHub mwaka 2013, na inachofanya ni kubeba kivinjari kizima cha Chromium ndani ya kila programu. Naitumia kila siku, kwa sababu VS Code ninayoandikia imejengwa juu yake. Lakini mimi nina gigabaiti 16. Programu ndogo kabisa ya Electron ikishasakinishwa inazidi megabaiti 100 kwenye diski, na kila ninaposahihisha kosa la senti moja dada atashusha mzigo huo kwa bando la duka. Akiwa amefungua na programu ya risiti, na WhatsApp ya oda, kompyuta ile inaanza kupumua kwa mdomo.

Hoja inayonipa shida kweli ni ya kijana mpya. Duka limeajiri kijana aliyemaliza kidato cha nne, na huyo hana mazoea yoyote ya Windows ya kuyalinda. Amekulia kwenye simu. Siku ya kwanza aligusa skrini kwa kidole, akashangaa haitikii. Nikajiuliza kama haya yote ninayoyatetea si mazoea ya kizazi kinachoondoka. Kama ni hivyo, chora upendavyo, fananisha na simu, maisha yaendelee. Wiki mbili baadaye nikamkuta kijana anabonyeza Tab na Enta bila kutazama, karibu kwa kasi ya dada. Hakufundishwa. Foleni ya Jumamosi ndiyo iliyomfundisha, na kidhibiti kilikuwa na njia hiyo tayari, kinamsubiri. Kisa kimoja hakitoshi kuwa ushahidi, najua. Ila nimeacha kuona haya kuvitetea vile visanduku vya kijivu.

Sivitetei kila mahali, hata hivyo. Jedwali la mauzo nimelichora. Mistari yenye deni iwe nyekundu, jumla ibaki chini hata ukisogeza, bei irekebishwe palepale ndani ya mstari: omba hayo kwa vidhibiti vya mifumo mitatu utapata majibu matatu, na moja litakuwa kimya. Waazimaji wenyewe wanalijua hilo. Jedwali la wxGrid limechorwa kwenye mifumo yote, na orodha yao nyingine, wxDataViewCtrl, ni asilia kwenye Mac na GTK lakini kwenye Windows wameichora. Tahadhari moja tu kwa anayechanganya: kidhibiti cha Windows kikishakuwa dirisha, kinakaa juu ya chochote ulichochora kwa mzazi wake. Nilichora kijipicha cha maelezo kinachoibuka juu ya fomu. Kikaibuka nyuma ya kisanduku cha kilo, kikachungulia pembeni kama mtoto nyuma ya kanga ya mama. Watu wa Java walihangaika na hilo miaka mingi walipochanganya AWT na Swing.

Imebaki saa. Kwenye fomu ya kupokea mzigo kuna kisanduku cha saa, na dada akaandika 2:00, kwa sababu lori lilifika saa mbili asubuhi. Ripoti ikamwambia bosi wake kwamba mbolea ilishushwa usiku wa manane na masaa mawili juu, na bosi akataka kujua nani alikuwa dukani saa hizo. Kidhibiti cha saa cha Windows huhesabu kuanzia usiku wa manane, cha Mac vilevile, na GTK ina kalenda lakini kidhibiti cha saa haina kabisa. Hapa hakuna wa kumwazima. Nimekaa na penseli jioni mbili, nikachora: saa moja hadi kumi na mbili, na pembeni yake alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku.

Nilimpelekea dada mchoro auone kabla sijaandika msimbo. Aliushika karibu na taa, akautazama.

“Mzuri,” akasema. “Tab inafika?”